Tulivyomfunika Babu

Kwanza tuelewane: kava lilikuwa sahihi. Kitambaa kilikuwa sahihi, rangi ilikuwa sahihi, hata uzi aliotumia fundi ulikuwa sahihi. Kilichochafuka ni mtaa, na mtaa sikuushona mimi.

Baba Mkubwa ana Peugeot 504 nyeupe, ile nyeupe ya maziwa, aliyoinunua enzi anafanya kazi melini. Ukitaka kugombana naye mwambie imezeeka. Atakukalisha chini akusomee kwamba aina hiyo ilitoka Ufaransa mwaka 1968, kwamba ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwamba vigari vyenu hivi vya kuwashwa kwa kitufe vikikutana na tope la masika vinaita watu kuja kusukuma. Sisi watoto wa ukoo tulilikuta gari nyumbani, limetuzidi umri karibu wote, tukalibatiza Babu. Babu anakohoa. Babu leo kagoma kuamka. Babu apelekwe kwa fundi, anavuja. Huko nje watoto wa mtaa nao wanamwita Baba Mkubwa mwenyewe Babu, kwa heshima ya mvi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona hatari yoyote.

Mwaka jana Baba Mkubwa alisafiri kwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Angekaa kwa binti yake mpaka Desemba, na Mama Mkubwa akamfuata ili amsimamie dawa. Usiku wa kuamkia safari akaniita gereji, akaweka mkono juu ya boneti.

"Gari hili lifunikwe. Na lifunikwe na mtu mwenye akili. Nitarudi na macho mapya, mkwaruzo nitauona kutoka getini."

Habari zikafika kwa ndugu kabla basi halijatoka stendi. Binamu yangu anauza maturubai Makoroboi, na kwa watu wa Mwanza turubai la bluu ni jibu la kila swali. Dagaa wanaanikwa, turubai. Kuna harusi, turubai. Paa limetoboka, turubai na mawe manne juu. Akaniletea moja kabla sijamwomba, akanuna nilipolikataa.

"Gari lenyewe la ndani," akasema, "hata magunia yangetosha."

Watu wengi wanapotea hapo. Kava la nje kazi yake ni kupigana na mvua na jua. Gari lililo ndani halinyeshewi wala halichomwi. Maadui zake ni vumbi, unyevu na panya. Sasa gereji ya Baba Mkubwa pale Bugarika ina kuta tatu tu za tofali. Ya nne ni jabali. Mjenzi aliona ujinga kujenga mbele ya kitu alichokwisha kukijenga Mungu. Ikifika masika jabali lile linatoka jasho, maji yanatambaa mpaka sakafuni, unyevu unapanda. Funika gari humo kwa nailoni uone. Unyevu unaingia kwa chini, unakosa pa kutokea, na usiku hewa ikipoa unageuka matone juu ya rangi. Baba Mkubwa alishalifunika hivyo zamani. Alipofunua, bampa za kromu zilikuwa na vipele vya kutu na boneti ina mabaka. Aliyeyasugua mabaka yale kwa polishi ni mimi, nikiwa shule ya msingi, na bega langu linakumbuka.

Halafu kuna vumbi letu. Juu yetu mlimani kinamama wanaponda kokoto kwa nyundo kutwa nzima, na mawe yenyewe ni graniti. Ndani yake mna punje ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Zikikaa juu ya boneti zenyewe hazina neno. Balaa ni pale unapoweka juu yake kitu kigumu, upepo wa ziwani ukapita chini ya mlango na kukitikisa usiku kucha. Hapo umeshapiga gari msasa, na umelipa pesa yako.

Mjini nikaingia duka moja la vipuri. Kijana wa pale akanitandikia kava la rangi ya fedha, akanimwagia maji ya chupa juu yake kwa majivuno.

"Unaona? Halipitishi hata tone."

"Ndiyo shida yake," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. Nikamuuliza kama ana saizi ya Peugeot 504.

"Tuna la IST, la Noah, la Harrier. Hiyo uliyotaja ni gari au pampu ya maji?"

Yapo pia yale ya kuvutika, yanayobana gari likabaki na umbo lake, mazuri sana kwa ndani. Hayo ni ya kuagiza. Akanitajia bei, nikamuaga kwa adabu.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja wa viti vya magari kule Kirumba, mtu anayeongea na pini tatu mdomoni na hazianguki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ndani au nje?" Nikasema ndani. Akatulia. "Basi wewe unatafuta shuka, hutafuti koti la mvua." Akaenda nyuma, akarudi na robota la kile kitambaa chenye manyoya mafupi cha blanketi za watoto wachanga. Cha zambarau, kina bata. Kweli kilikuwa laini, na tayari nilikuwa nimeshakubali bata, alipouliza gari lina rangi gani.

"Nyeupe."

Akachovya ncha ya kitambaa kwenye chai yake, akakisugua kwenye ukingo wa kikombe cha bati. Ikabaki alama ya zambarau, nzuri kabisa, yenye hata kipande cha mdomo wa bata.

"Unyevu ukipanda, rangi inahama," akasema. "Utamkabidhi mzee gari la chekechea."

Kwa hiyo ikabidi kitambaa cha pamba tupu kisichotiwa rangi, yaani marikani, na hapa kwetu ni ukanda wa pamba, hata aibu ya kununua hakuna. Sharti moja: kifuliwe kwanza. Marikani mpya ina wanga, ni ngumu, inakwaruza. Kifuliwe, kianikwe, ndipo kishonwe. Akaja kupima. Gari lile lina urefu wa karibu mita 4.5 na upana wa karibu 1.7, lakini utepe hauendi moja kwa moja. Unapanda boneti, unapanda kioo, unavuka paa, unashuka buti mpaka chini, na pande zote mbili vivyo hivyo. Ukichanganya na vifuko viwili vya vioo vya pembeni, ambavyo yeye anaviita masikio, ikaja mita 22.

Kwenye duka la vitambaa nikamkuta mzee mwenye kofia, mpole.

"Marikani mita 22," nikasema.

Akaweka mkasi chini. "Poleni sana."

"Ahsante, mzee wangu." Jua lilikuwa kali na nilikuja kwa miguu.

"Wangapi?"

"Mmoja tu."

Akaangalia robota, akaniangalia mimi. "Mmoja?"

"Mkubwa huyo. Na kifike mpaka chini, miguu isionekane."

Akapima kimyakimya. Akanipunguzia bei bila kuombwa, na juu ya mzigo akaweka pakiti ya udi na bunda la pamba, bure. Nikasema moyoni, kumbe Mwanza nayo huduma kwa wateja imefika. Pamba ile ilinifaa sana kukaushia matundu ya vitasa.

Kesho yake tukaanza alfajiri, mimi na mdogo wangu. Gari chafu halifunikwi, maana vumbi linabaki chini ya kitambaa na kufanya kazi ileile niliyoisema. Tukaliosha, tukalikausha mpaka kwenye mifereji ya milango, tukaliacha lipoe na kukauka kabisa. Betri tukaitoa. Matairi tukayaongeza upepo kidogo yasibonyee kwa kusimama. Hendibreki tukaiachia isije ikaganda, tukaweka mawe mbele na nyuma ya tairi, na ekzosi tukaiziba kwa kitambaa, maana panya wa Bugarika hawakodi, wanahamia.

Marikani nayo ikafuliwa, na hapo ndipo jiografia ilipoingia. Bugarika ni mlima. Kila nyumba inachungulia ua wa nyumba iliyo chini yake. Kamba yetu ya nguo haiwezi mita 22, kwa hiyo tukatandaza kitambaa juu ya majabali ya uani, jabali hadi jabali, cheupe, kinameremeta. Fundi akafika na cherehani yake, akaiweka chini ya mwembe, akawa anashona kila kipande kinachokauka. Saa sita hivi nyundo za kokoto zikanyamaza huko juu. Nyundo zile hazinyamazi hata Jumapili.

Mara akashuka mama mmoja wa jirani, muuza sato, beseni kichwani, khanga kaifunga kiunoni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Karibu."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Ahsante, mama. Tangu alfajiri hatujakaa."

"Yuko wapi?"

"Nani, Babu? Yuko gereji."

"Gereji!" Akashika kifua.

"Si ndiko anakolala siku zote, mama? Tumemwogesha, tumemkausha mpaka masikioni, huku nyuma tumemziba panya wasiingie. Tunamsubiri fundi tu tumfunike."

Akaketi palepale juu ya jiwe, beseni likiwa bado kichwani.

"Na... mnamtoa lini?"

"Desemba."

"Desemba?"

"Ndivyo alivyoagiza Baba Mkubwa kabla hajaondoka. Usiwe na wasiwasi, mama, hataoza. Betri yenyewe tumeshamtoa, iko sebuleni."

Akainuka bila kuaga. Kandambili moja ikabaki kwenye jiwe.

Kilichotokea mlimani mchana ule nimekuja kukisikia baadaye, vipande vipande, kila mtu akiapa kwamba yeye alikuwa hayumo. Toleo la kwanza lilisema Babu kafia Dar na kaletwa usiku kwa ndege. La pili likaongeza kwamba alikuwa anaishi kwa betri ya moyo, na sisi tumeichomoa. Lilipofika kwenye kijiwe cha bodaboda lilikuwa limekomaa: mtoto wa mdogo wake, yaani mimi, anauficha mwili mpaka Desemba ili hati ya nyumba ibadilishwe jina kwanza.

Mimi wakati huo niko gereji na fundi, nafurahi. Kava jipya haliburutwi juu ya gari. Tulilikunja likae katikati ya paa, kisha tukalifungua taratibu, upande kuelekea mbele, upande kuelekea nyuma, halafu likaachiwa liteleze pembeni. Masikio yakaingia kwenye vioo bila ubishi. Chini fundi alipitisha mpira, likabana vizuri mpaka usawa wa matairi. Nilisimama nikaliangalia muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mwanamume mzima. Halafu nikafunga gereji, nikawasha udi wa yule mzee barazani kwa ajili ya mbu, nikaingia kuoga.

Kutoka bafuni nakuta turubai uani. La bluu. Lilelile. Binamu yangu anakaza kamba huku machozi yanamtoka, na viti vya plastiki vinashushwa kwenye kirikuu. Kinamama wameshapanga mafiga. Kwaya imefika na sare zake. Mjumbe kakaa mezani na daftari.

Sasa wewe unayesoma utaniuliza kwa nini sikuuliza. Uende msibani useme, "Samahani, kafa nani?" Mtu mzima? Ua wetu ndio pekee ulio tambarare upande ule wa mlima, na misiba ya majirani imekaliwa pale tangu niko mdogo. Mara nyingine watu hufika kabla ya taarifa. Nikavaa suruali ndefu, nikaenda kwa mjumbe, nikatoa elfu tano. Akaniangalia vibaya sana, lakini akaandika.

Nikakaa na wanaume. Nikanyamaza vizuri, mkono shavuni. Hata wimbo wa kwaya nikaitikia. Ndipo mjumbe aliposimama kusoma historia fupi ya marehemu: mzee wetu mpendwa, mstaafu wa melini, mtu wa watu, mwenye ile Peugeot.

Damu ikanikimbia. Akili iliyonijia haikuwa ya kwamba wamekosea. Ilikuwa ya kwamba Baba Mkubwa amefia Dar na ndugu wamenificha. Nikapiga ukunga ambao kinamama wa Bugarika bado wananiuliza niliutoa wapi. Watu wanne wakanishika. Minong'ono ikapita: afadhali, angalau sasa analia.

"Tunaomba familia ituruhusu," mjumbe akasema, "kabla ya yote, tumwone mzee wetu. Hapa hakuna mtu atakayesubiri Desemba."

Wakanichomoa funguo mfukoni. Mlango wa gereji ukafunguliwa, taa ikawashwa, na pale, mbele ya kwaya nzima, akawepo Babu: mweupe kuanzia juu mpaka chini, urefu wa mita nne na nusu.

Hakuna aliyepumua. Bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye macho yake nayo yangefaa kupelekwa Dar, akasogea, akainamisha kichwa.

"Mbona amevimba hivi?" akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na mbona ana masikio?"

Simu yangu ikaita. Ilikuwa mkononi mwa mjumbe, kwa sababu waliponishika nilikuwa nimeiangusha. Nilimwona akisoma jina kwenye kioo, nikaona midomo yake ikilisoma mara ya pili. Sijui kidole chake kiligusa nini, sauti ikatoka kwa spika.

"Wewe! Nani kafa hapo nyumbani? Tangu saa kumi watu wananipigia, nikipokea wanakata!"

Sauti ya kwanza ya kwaya ilitoka uani kabla ya sauti ya pili. Besi walijaribu kusimama kiume, halafu nao wakakumbuka shughuli. Bibi wa safu ya mbele peke yake ndiye aliyejibu. "Shikamoo, marehemu," akasema, kwa utulivu mkubwa.

Mchele ulikuwa umeshaiva, ukaliwa. Kasisi mmoja wa jirani aliubariki kwa jina la shukrani. Fundi alikula sahani mbili na kupokea oda ya kava la Noah. Binamu alifuta machozi, akanitumia bili ya turubai. Mjumbe alijaribu kurudisha rambirambi, lakini nusu ya watu walikataa katakata kuzigusa, wakisema pesa ya msiba hairudi mfukoni, ni kuita kisirani. Zikalipia mchele. Daftari likabaki kwetu.

Baba Mkubwa alirudi Desemba. Hakuingia ndani kunywa maji. Alienda moja kwa moja gereji. Nikalikunja kava mbele yake inavyotakiwa, pande mbili kuja katikati, upande wa vumbi ukitazamana na upande wa vumbi. Kwenye kitambaa ungeweza kuandika jina lako kwa kidole, vumbi lilivyokuwa jingi. Kwenye gari hakuna kitu. Akalizunguka taratibu, pua ikikaribia kugusa rangi, akapitisha ukucha kwenye kromu ya bampa ya nyuma, kwenye kona ile ya jabali. Haikuwa na hata kipele.

"Vizuri," akasema. "Sasa lete hilo daftari."

Akakaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, akasoma majina ya waliomlilia, mstari kwa mstari, kwa macho yake mapya. Wengine aliwatikisia kichwa. Wengine aliwarudia.

"Elfu mbili," akasema mahali fulani. "Mtu niliyemsimamia harusi." Akageuza ukurasa. Kidole kikasimama.

"Na huyu wa elfu tano ni wewe?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Niliyekusomesha."

"Sikujua kama ni wewe uliyekufa."

Akanitazama juu ya miwani. "Ungejua ungetoa ngapi?"

Nikamwambia betri iko sebuleni, naifuata.